Ford T na Mustang Zapanda Sagalla

Jamani, gari la mwaka 1923 limepanda Mlima Sagalla kinyumenyume, na mimi nilikuwa ndani! Niacheni niliseme hilo kwanza, mengine yatafuata. Tulikuwa tumeupa mlima mgongo, magurudumu ya nyuma yakitangulia, na mbele ya macho yetu nyika ya Tsavo Mashariki imetandazwa hadi upeo, mji wa Voi uko chini mabati yakimeremeta, reli ya zamani na ile ya SGR zote zinaonekana zikielekea pwani. Injini inatwanga. Watoto wanakimbia pembeni wakipiga mayowe. Na kona mbili chini yetu, Ford Mustang ya 1965, silinda nane, nguvu mara kumi na zaidi ya hii tuliyoipanda, imekaa juu ya jiwe na gurudumu moja liko hewani.

Miaka yote hii ninayoandika habari za magari, sijawahi kuona jambo la namna hii.

Haya, twende taratibu. Magari haya ni ya kampuni moja, Ford ya Marekani, ila yamepishana miaka 42. Ford T ni ya mzee mmoja wa Nairobi ambaye huipamba na kuipeleka kwenye maonyesho ya magari ya kale, Concours d'Elegance, pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Safari hii aliamua kwamba kupigwa picha kumetosha. Akaipakia kwenye lori hadi Voi ili aiendeshe mwenyewe kuelekea Maktau na Taveta, kwenye njia ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mustang nayo ni ya kijana mgeni kutoka Ulaya anayejinoa kwa mbio za Safari Classic, zile za magari ya zamani zilizoanza mwaka 2003 na ambazo mara nyingi hupita huku kwetu Taita. Imeingia nchini kwa kibali cha muda, usukani uko kushoto, maana gari la usukani wa kushoto hapa Kenya halisajiliwi hivi hivi.

Zikakutana kwenye kituo cha petroli Voi. Na Voi, ndugu zangu, magari mawili ya namna hiyo hayawezi kusimama pamoja bila vijana wa bodaboda kuyazunguka na kuyatafutia ugomvi. "Hii ya kizee haiwezi kufika hata Mwakoma!" mmoja akasema. Mwingine akajibu kwamba hiyo nyekundu ndiyo haitafika, maana tumbo lake linaburura chini. Mzee akacheka. Kijana mgeni akauliza Sagalla ni wapi. Tukamwonyesha kwa kidole, ule mlima ulioinama juu ya mji. Akauangalia kidogo, akasema twende.

Hivyo ndivyo lilivyoanza.

Kwa heshima ya umri, tuitazame T kwanza. Ukisimama karibu nayo, kinachokushika ni jinsi ilivyo ndefu kwenda juu na nyembamba upana. Matairi yana upana wa inchi tatu na nusu tu, lakini kimo chake ni inchi 30, kwa hiyo ekseli imeinuka kutoka ardhini zaidi ya sentimita 25. Pale kituoni kuku alipita chini yake bila kuinamisha kichwa. Spoki za magurudumu ni za mbao! Kabla ya kuondoka mzee alizimwagia maji kwa kopo, moja baada ya nyingine. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia mbao hizo zikipigwa na jua la Voi hukauka, zikalegea na kuanza kulia njiani. Zikinywa maji hufura na kukaza tena.

Kisha mhudumu wa petroli akazunguka gari mara mbili akitafuta tundu.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Tangi, mzee."

"Tangi tunalikalia."

Akainua mto wa kiti cha mbele, na hilo hapo, tangi la takriban lita 38 chini ya makalio ya dereva. Geji hakuna. Mzee akatumbukiza kijiti cha mbao chenye alama, akakitoa, akakitazama kwa makini, akasema jaza. Oili nayo ina ibada yake: unalala chini ya gari, unafungua vibomba viwili vidogo nyuma ya injini. Cha juu kikidondosha, oili inatosha. Kikiwa kikavu na cha chini kinadondosha, ongeza kidogo. Vyote viwili vikiwa vikavu, usithubutu kuwasha. Mimi nililala pale chini kwenye sakafu ya kituo nikiwa nimevaa shati jeupe, na wala sijuti.

Kuwasha! Ee, hapa ndipo moyo uliponidunda. Ford walianza kuweka stata ya umeme mwaka 1919, lakini mzee anapenda hendeli, basi akanipa mimi. "Kijana, dole gumba!" akanifokea kabla sijagusa chuma. Dole gumba linakaa upande mmoja na vidole vingine, halikumbatii hendeli, kwa sababu injini ikipiga teke hendeli hurudi kwa nguvu ya kuvunja mkono. Akapandisha kijiti cha kushoto cha usukani ili moto wa plagi uchelewe. "Ukisahau hicho," akasema, "leo utalala Hospitali ya Moi." Nikavuta mara moja kwenda juu, kavu. Nikavuta tena. Kwenye kisanduku mbele ya dereva koili nne, kila silinda na yake, zikaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki uliogongwa, kisha ghafla injini ikashika, gari zima likatikisika, na vijana wa bodaboda wakapiga makofi.

Injini yenyewe ni ya silinda nne, lita 2.9, na nguvu za farasi 20 tu. Msicheke. Mvuto wake wote unapatikana injini ikizunguka mara 900 kwa dakika, mwendo ambao gari la leo linasinzia tu. Ina maana haihitaji kukimbizwa ndipo ivute. Inavuta tangu hatua ya kwanza. Na gari zima, bodi, viti na turubai, lina uzito wa kilo 700 hivi, chini kidogo. Wewe pima hiyo dhidi ya matatu zetu.

Sasa pedali. Ziko tatu, na hakuna hata moja inayofanya kile mguu wako unachotarajia. Ya kushoto ndiyo gia: ukiikanyaga hadi chini unapata gia ndogo, ukiiachia unapata gia kubwa, katikati ni bure. Ya kati ni ya kurudi nyuma. Ya kulia ni breki. Mafuta je? Mafuta yako mkononi, kijiti cha kulia chini ya usukani. Dereva hodari wa Probox ukimweka hapo atagonga ukuta wa kwanza anaoukuta. Lakini mtazame mzee: miguu inacheza, mikono inacheza, na gari linatoka bila kushtuka, kwa sababu gia zake hazisagani meno namna ya gia za kawaida. Ndani kuna mikanda inayobana ngoma za chuma zinazozunguka, kwa hiyo unaweza kutoka mbele kwenda nyuma gari likiwa bado linatambaa. Likumbukeni hilo, litatufaa huko juu.

Na historia! T ilitoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1908 kwa dola 850. Mwaka 1913 Henry Ford akaanzisha mstari wa kuunganishia magari pale Highland Park, muda wa kuliunganisha gari ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi dakika 93, na bei nayo ikafuata kushuka, hata kufika katikati ya miaka ya 1920 ile ya bei ndogo kabisa ikawa dola 260. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 15 hadi mwaka 1927, na rekodi hiyo haikuvunjwa hadi 1972, na waliovunja ni Volkswagen kwa ule mgongo wa kobe ambao wazazi wetu waliujua vizuri. Zilizokuja makoloni ya Uingereza zilitoka kiwanda cha Ford cha Kanada, usukani kulia. Hii ya mzee ni ya huko.

Huku kwetu zilifika na vita. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na mwaka 1915 Waingereza wakaanza kutandaza reli kutoka Voi kuelekea Maktau kwenda kuirudisha. Februari 12, 1916 wakapigwa vibaya kwenye kilima cha Salaita, mwezi uliofuata wakarudi na Taveta wakaichukua. Pale reli ilipoishia, mizigo na majeruhi vilibebwa na ng'ombe waliokuwa wakifa kwa mbung'o, na wapagazi wa Carrier Corps waliokufa kwa maelfu, wale waliotuachia jina la Kariakoo. Ford hizi nyepesi nazo zilikuwemo katika vita hivyo, zenye bodi ya sanduku au kitanda cha mgonjwa nyuma. Malori mazito yalizama kwenye vumbi laini na matope. Ford ilipokwama, askari waliinyanyua kwa mikono wakaiweka mahali pakavu. Ukisimama kwenye makaburi ya vita pale Voi, au Maktau, au Taveta, unajua ni kazi gani hiyo.

Lakini mbona simsemi farasi? Wasomaji wapenzi wa Mustang watanipiga!

Jamani, Mustang. Nyekundu, pua ndefu, makalio mafupi, farasi wa chuma anakimbia katikati ya grili, taa tatu tatu za wima kule nyuma. Hakuna pembe unayoweza kuitazama ukakosa sura. Ford waliizindua Aprili 17, 1964 kwenye maonyesho ya dunia ya New York, dola 2,368, na siku hiyo ya kwanza watu zaidi ya 22,000 wakaweka oda. Kufikia Machi 1966 yalikuwa yametoka milioni moja. Hii ya kijana ina injini ya silinda nane ya lita 4.7, kabureta yenye midomo minne, farasi 225, gia nne. Alipoiwasha, kwa ufunguo tu, hakuna cha hendeli wala dole gumba, kioo cha duka la jirani kilitetemeka. Ule mngurumo haupigi kelele, unasukuma kifua. Mama mmoja muuza maembe aliweka sinia chini akaja kusimama karibu, akasema, "Hii nayo imekasirika na nini?"

Ameiandaa kwa mbio: imeinuliwa kidogo, kuna bamba nene la chuma chini ya sampu, vyuma vya kinga ndani, taa za ziada mbele. Lakini ukifungua buti unakutana na kichekesho. Sakafu ya buti yenyewe ndiyo paa la tangi la petroli! Mwaka 1965 walilitumbukiza tangi kwenye tundu la sakafu, wakaona yatosha. Kwa hiyo kati ya magari mawili, moja unakalia petroli, jingine unaipakia mizigo juu yake. Chini, nyuma, ekseli moja ngumu na springi za vyuma bapa vilivyopangwa. T nayo ina springi hizo hizo, mbele moja na nyuma moja, zimelala kwa upana. Miaka 42 ya maendeleo, na nyuma bado ni vyuma bapa! Napenda sana jambo hili, hata sijui kwa nini.

Damu ya Mustang inahusika na Safari Rally kuliko wengi wanavyojua. Iliundwa juu ya msingi wa Ford Falcon, na msingi huo huo ndio uliozaa Mercury Comet. Mwishoni mwa 1963 Comet kadhaa zilikimbizwa kwenye uwanja wa Daytona maili 100,000 kwa wastani wa zaidi ya kilomita 165 kwa saa. Wamarekani wakalewa sifa. Wakasema sasa twende Afrika Mashariki tukawaonyeshe. Pasaka ya 1964 wakaja na kikosi cha Comet za silinda nane chini ya Bill Stroppe, fundi mashuhuri wa California. Mwaka mmoja kabla, Safari ilikuwa imemeza magari 77 kati ya 84, yakabaki saba tu. Mwaka huo wa 1964 ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes na Billy Young ndani ya Cortina ndogo. Ford, ndiyo, lakini ya Uingereza! Comet nyingi ziliishia njiani. Mojawapo ya zilizofika ilikuwa mikononi mwa dereva wetu Joginder Singh, nafasi ya 21. Mwaka uliofuata Joginder akachukua Volvo iliyokwisha kutumika, akashinda. Na wiki tatu tu baada ya Comet kuoga vumbi letu, Mustang ikazinduliwa New York ikiwa imepakwa manukato.

Niishie hapo, mlima unangoja.

Kutoka mjini hadi chini ya Sagalla, Mustang ilitucheka. Barabara ya vumbi jekundu ilipokuwa imenyooka, ilitoweka, tukabaki na wingu. T ilikuwa ikienda kilomita 35 hivi kwa saa, mzee ameshikilia kofia, mimi nimeshikilia mlango. Huko Mwakoma tukapita mashamba yaliyozungushiwa mizinga iliyoning'inizwa kwenye waya, ule ua wa nyuki unaozuia ndovu wa Tsavo kula mahindi ya watu. Ndovu akigusa waya mizinga inayumba, nyuki wanatoka, naye anageuza njia. Wenyeji walisimama kando wakatupungia. Bibi mmoja alimwamkia mzee, kisha akalisalimu gari pia.

Halafu mwinuko ukaanza.

Voi iko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na Sagalla inakwenda juu zaidi ya mara mbili ya hapo. Barabara inajikunja, mvua imechimba mifereji katikati, mawe yamechomoza. Mzee akakanyaga pedali ya kushoto hadi chini na kuibakisha hapo, maana gia ndogo ya T haishiki yenyewe, ni lazima mguu uishikilie mwanzo hadi mwisho. Tukapanda kwa mwendo wa mtu anayewahi sokoni. Juu ya kifuniko cha rejeta kuna kipimajoto kidogo cha duara, uzi mwekundu ndani ya kioo, na dereva anausoma kutoka kitini. Gari hili halina pampu ya maji. Maji ya moto hupanda yenyewe, ya baridi hushuka yenyewe, basi. Nikawa nautazama uzi ule kuliko nilivyoitazama barabara. Ukapanda. Ukapanda tena. Ukatua karibu na juu, ukabaki.

Kwenye kona iliyochimbika sana tukaikuta Mustang. Ilikuwa imejaribu kuuvuka mfereji kwa pembe, gurudumu la nyuma la kulia limeinuka, na difu yake ya kawaida ikapeleka nguvu zote 225 kwenye gurudumu lililokuwa hewani. Linazunguka, linafuka moshi, gari haliendi popote. Bamba la chini limekaa juu ya jiwe. Kijana ametoka nje, anacheka, mikono kiunoni. Vijana wa Sagalla tayari wameshaleta mawe ya kujazia, bila kuitwa.

T ikapita pembeni. Haikupunguza mwendo! Gurudumu la mbele la kushoto likazama ndani ya mfereji, la kulia likapanda jiwe, ekseli ikajipinda kwa namna ambayo ungedhani imevunjika, na bado magurudumu yote manne yako ardhini. Springi ile moja ya mbele imefungwa katikati, kwa hiyo ekseli inayumba huku na huku itakavyo. Chuma chake kimechanganywa na vanadiamu, kinapinda na kurudi. Mustang ni imara, ndiyo, lakini uimara wake ni wa kukaza, na mahali pale aliyekaza alibaki.

Na hapo juu zaidi ndipo palipokuwa na mwinuko ule nilioanza nao hadithi. Mzee akasimamisha gari. Akainua mto, akatumbukiza kijiti. Petroli ilikuwa imeshuka.

"Sasa tunageuka," akasema.

"Tunarudi, mzee?"

"Nani kasema tunarudi?"

T haina pampu ya petroli pia. Mafuta hushuka kwa uzito wake kutoka chini ya kiti hadi kwenye kabureta, na gari likiinua pua sana huku tangi halijajaa, kabureta inakuwa juu kuliko mafuta, injini inazimika. Ukiligeuza, kabureta inakuwa chini, mafuta yanateremka vizuri. Isitoshe, gia ya kurudi nyuma ya T ndiyo yenye nguvu kuliko zote: injini inazunguka mara nne ili shafti inayokwenda nyuma izunguke mara moja, wakati gia ndogo ya mbele ni mara 2.75 tu. Basi akageuza, akakanyaga pedali ya kati, na hapo ndipo tulipoanza safari niliyowaambia. Kiti cha mbele cha T ikipanda kinyumenyume hakina mfano. Dunia nzima inashuka mbele yako huku wewe unapanda. Mzee anachungulia nyuma, watoto wanamwelekeza, "Kushoto, babu! Kushoto!", naye anawatii wao kuliko anavyonitii mimi.

Tukafika. Mustang nayo ilifika, nisije nikasingiziwa kuificha. Mawe yalipojazwa na vijana kumi hivi kuisukuma, ilitoka kwa mrindimo uliosikika, naapa, hadi kituo cha treni, na ile sehemu ya juu iliyonyooka ikaimaliza kabla hujamaliza kupiga chafya. Ilitua kwa mbwembwe, vumbi likaifunika, watu wakashangilia. Walipoambiwa wachague gari la kupigia picha, takriban wote walikimbilia nyekundu. Sawa tu. Uzuri una haki yake.

Lakini mimi nina langu la kusema, na nimelifikiria tangu pale konani. T iliundwa kwa Marekani ya 1908, nchi ya wakulima ambao barabara zao zilikuwa udongo, matope na mifereji, mtu akiwa na bahati. Mustang iliundwa baada ya 1956, walipopitisha sheria ya barabara kuu za nchi nzima na lami ikaanza kumwagwa kutoka bahari hadi bahari. Kila gari linabeba barabara za nchi yake chini ya tumbo. Sasa niambieni, barabara ya Sagalla inafanana na ipi kati ya hizo? Tumezoea kuambiwa gari la kale ni la makumbusho. Pale mlimani, gari la kale ndilo lililokuwa nyumbani, na la kisasa ndilo lililokuwa geni. Wale Wamarekani wa 1964 wangelifahamu hilo wangekuja na babu badala ya mjukuu!

Haimaanishi kwamba T ni starehe. Mguu wa kushoto unakufa ganzi. Mvua ikinyesha unalowa. Kelele, harufu ya petroli, mtikisiko wa meno. Na ukitaka kwenda Mombasa kwa lami, nipe Mustang asubuhi na mapema, madirisha chini, Mackinnon Road inapita upande, ule mngurumo unasukuma kifua. Kwa barabara hiyo T ingekuwa kero kwa kila trela nyuma yake.

Kushuka nako kulikuwa na darasa lake. Mustang ilishuka ikinuka breki, kijana akasimama mara kwa mara zipoe. Mzee alishuka kwa gia ndogo, injini ikizuia gari, na alipohitaji zaidi alikuwa akibadilisha: mara pedali ya breki, mara ile ya kurudi nyuma, mradi tu mkanda mmoja usichakae peke yake. Kurudi nyuma ukitumia kama breki! Fundi mmoja wa jua kali wa Voi aliyekuwa amening'inia kwenye kibao cha pembeni alitikisa kichwa njia nzima. Tulipofika chini akamuuliza mzee vipuri anapata wapi. Mzee akamwambia mikanda, koili, hata matairi, yote bado yanatengenezwa mapya na kuagizwa. Kijana wa Mustang akadakia kwamba kwa gari lake unaweza kuagiza hata bodi nzima mpya. Fundi akasema yeye ana Corolla ya juzi juzi na taa ya nyuma ameitafuta hadi Kongowea kule Mombasa hajaipata.

Mkinilazimisha kuchagua moja, T, na wala sihitaji usiku wa kuwaza. Mzee anaondoka alfajiri kupitia Mwatate kwenda Maktau, ana mikanda ya akiba, debe la oili, kopo la kumwagia spoki maji. Kiti cha nyuma kina nafasi ya mtu mmoja, na mkoba wangu umeshalala juu yake.